Tiketi ya bizinesi ya ofa ili upate kadi ya Gold: ni akili au ni kujitekenya na kucheka mwenyewe?

#1 Mbeba Begi

Habari za humu wakuu.

Naishi Manchester mwaka wa tisa sasa, nyumbani ni Mbagala. Naenda Dar mara mbili kwa mwaka, mwaka ukiwa na msiba au harusi inakuwa mara tatu. Siku zote kiti changu ni cha nyuma na siku zote ugomvi wangu na watu wa uwanjani ni kilo. Desemba iliyopita nilifungua begi sakafuni saa kumi alfajiri, foleni nzima inaniangalia. Nikatoa presha kuka ya mama nikaihamishia kwenye begi la mkononi, nikavaa makoti mawili, viatu vya mjomba nikavifunga kamba nikavining'iniza shingoni kama bondia. Bado nikalipia begi la ziada, pauni 85.

Juzi nimeona KLM, Manchester–Amsterdam–Dar, daraja la biashara kwenda na kurudi pauni 1,690. Kiti cha nyuma kwa tarehe zilezile kilikuwa 1,050. Jamaa yangu wa kazini anasema ninunue hiyo bizinesi mara mbili tatu nipate Gold ya Flying Blue (mpango wa kadi za wasafiri wa KLM na Air France), kisha nirudi zangu kiti cha nyuma huku begi la ziada, launji (ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani) na foleni fupi vinaendelea.

Wajuzi naomba mnipe mwanga. Hesabu yake inatoka? Na kwa nini bizinesi iuzwe bei chee namna hiyo, mtego uko wapi?

#2 Chai Rangi

Viatu shingoni kama bondia 😂😂 Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

#3 Mhasibu Asiyelala

Tuanze na namba, maneno baadaye.

Flying Blue tangu Aprili 2018 wanapandisha watu ngazi kwa pointi wanazoziita XP. XP haiangalii umelipa shilingi ngapi. Inaangalia urefu wa kila kipande cha safari na daraja ulilokaa, basi. Kipande cha nje ya nchi kisichofika maili 2,000 ni XP 5 kiti cha kawaida, 15 bizinesi. Kipande cha maili 3,500 hadi 5,000 ni 10 kawaida, 30 bizinesi.

Manchester–Amsterdam unapata 15. Amsterdam–Dar 30. Kwenda na kurudi 90. Silver ni 100, Gold ni 180, Platinum 300.

Aliyelipa pauni 1,690 na bosi aliyelipiwa na kampuni 4,000 wakakaa viti jirani wanapata XP zilezile. Siri yote ya hizi ofa iko hapo. Unanunua ngazi kwa bei ya punguzo.

#4 Dereva wa Buza

Kwa hiyo safari mbili tu, 90 + 90 = 180, Gold hiyo. Uzi ufungwe.

#5 Mhasibu Asiyelala

#4 taratibu mkuu. Ukifika 100 unapewa Silver na hizo 100 zinakatwa. Zinazobaki ndizo zinaanza kuhesabiwa kwenda Gold, na mwaka mpya wa miezi 12 unaanza hapo. Kutoka sifuri hadi Gold ni 100 + 180, yaani 280.

Safari mbili ni 180: Silver, na 80 mkononi. Safari tatu ni 270. Jamaa atakosa Gold kwa XP 10.

#6 Mpare Halisi

XP 10! Hapo ndipo wanapokushika. Utanunua safari ya nne kwa sababu ya XP 10, mjini watasema una hela kumbe una madeni.

#7 Fundi wa Nauli

#6 hapana. Manchester–Amsterdam kiti cha kawaida ni 5 kwenda, 5 kurudi. Kumi hizo. Anaenda Jumamosi asubuhi, anakula viazi vya kukaanga na mayonezi, anarudi jioni na Gold yake. Tiketi za hivyo ukiwahi ni bei ya jozi ya viatu.

Mbeba Begi, angalia upande wa pili pia, maana ndio unaoeleza miaka yako tisa. Kwa kiti cha nyuma safari yako moja ya Dar ni XP 30. Ukienda mara mbili ni 60, mara tatu ni 90. Mwaka ukiisha hujafika 100, kaunta inarudi sifuri. Umetembea miaka tisa na KLM (kama ni wao) na hukuwahi hata kuinusa Silver. Hujapungukiwa uaminifu, mfumo umepangwa hivyo.

#8 Mbeba Begi

#7 umenichoma. Nilikuwa nadhani kadi yangu wameisahau.

#9 Binti Kilwa

Samahani jamani swali la mjinga. Nina maili 41,000 za Flying Blue, ina maana mimi ni Platinum siku nyingi sijui?

#10 Mhasibu Asiyelala

#9 hakuna swali la mjinga dada. Maili ni kama hela: unazitumia kununua tiketi, unaweza hata kuziunganisha na za mume na watoto. XP ni cheo, hainunui kitu na huwezi kumgawia mtu. Unaweza kuwa na maili nyingi na cheo cha chini kabisa.

#11 Binti Kilwa

Asante. Bora ningeendelea kujidanganya.

#12 Mzee wa Posta

Vijana nawasalimu. Nimekata tiketi mtaa wa Samora toka enzi za tiketi za karatasi zenye karboni nyekundu, kwa hiyo swali la "kwa nini bei chee" naomba nilijibu mimi.

Bizinesi si bei moja. Kila kiti kina herufi ya nauli. Kwa KLM na Air France J ndiyo bei kamili, halafu zinashuka C, D, I, mpaka Z. Kiti ni kilekile, godoro lilelile, chakula kilekile. Kompyuta inafungua Z pale inapoona viti vitapaa vitupu, inaifunga pale kampuni za mafuta na mashirika ya misaada yanapoanza kununua. Kiti kikishapaa kitupu hakiuziki tena, ni kama samaki wa Feri saa kumi jioni. Hakuna mtego. Ni samaki wa jioni.

Ila soma masharti. Z mara nyingi haibadiliki tarehe bila faini na kurudishiwa hela sahau. Msiba ukibadili tarehe, utalia mara mbili.

#13 Sonko wa Minnesota

Samaki wa jioni, nimeipenda hiyo mzee. Lakini mimi sikubali ni viti vitupu tu. Mwaka jana niliruka Minneapolis–Amsterdam–Nairobi, bizinesi ilijaa hadi kiti cha mwisho, na robo yake ni watu kama mimi wa ofa.

Maoni yangu: tangu korona, mabosi wengi mikutano wanafanyia kwenye kompyuta. Mashirika yakaona kuna watu wa kati, kina sisi, tunaweza kuongeza kidogo tukalala vizuri. Hiyo bei sasa si ya kumwaga mabaki, wanaipanga tangu mwanzo.

Kwa walio Marekani: mimi zamani nilikuwa naweka namba yangu ya Delta (shirika la Marekani, mshirika wa KLM). Kuanzia 2024 cheo cha Delta kinategemea dola peke yake, Silver 5,000, Gold 10,000, Platinum 15,000, Diamond 28,000. Na hiyo ni baada ya kelele, maana walivyotangaza Septemba 2023 ilikuwa mbaya zaidi mpaka mkuu wao Ed Bastian akakiri wamezidisha, wakalegeza. Sasa mtu wa tiketi ya ofa hapo anatafuta nini? Nikahamia Flying Blue. Ndege ni zilezile. Minneapolis–Amsterdam 30, Amsterdam–Nairobi 30, kwenda na kurudi 120. Silver safari ya kwanza.

#14 Mpare Halisi

Narudi na kikokotoo, mnisamehe.

Tofauti ya bizinesi na kiti cha nyuma kwa mleta uzi ni pauni 640. Mara tatu ni 1,920. Begi la ziada alilipa 85. 1,920 gawanya kwa 85 ni mabegi 22 na ushee. Gold yenyewe inadumu mwaka. Mkuu una mabegi 22 ya kupeleka Mbagala kwa mwaka mmoja? Unafungua duka?

#15 Chai Rangi

#14 umeua 😂

#16 Fundi wa Nauli

#14 hesabu yako ina tundu. Zile safari tatu hajakaa kwenye stuli. Bizinesi ya KLM kwa kawaida inakuja na mabegi mawili ya kilo 32 kila moja, kitanda, na launji. Ondoa thamani ya hivyo kwanza, kinachobaki ndiyo bei ya kadi. Kama yeye kitanda hakithamini hata senti, basi uko sahihi. Kama mgongo unamuuma kama wangu, hesabu inageuka.

#17 Mpare Halisi

Kitanda ninacho nyumbani.

#18 Kaka wa Muscat

Assalam aleykum ndugu zangu. Nyie mumekazana na Amsterdam, huku Ghuba kuna habari nyengine.

Wengi wetu tuendao Unguja na Dar tunapita Doha, Dubai au twaruka moja kwa moja na Oman Air. Qatar Airways cheo chao kinahesabiwa kwa Qpoints: 150 Silver, 300 Gold, 600 Platinum, ndani ya miezi 12. Nao wamo oneworld (umoja wa mashirika yanayotambuliana kadi, British Airways nao wamo) toka 2013, na Oman Air imeingia oneworld tarehe 30 Juni 2025. Kwa sisi wa Muscat hilo limebadilisha mambo, Gold ya Qatar sasa inatambulika hata ukipanda Oman Air kwenda Unguja.

Lakini tahadharini na zile bizinesi zilizonyonyolewa. Emirates walianza 2019 na nauli waliyoiita Special: unakaa mbele, lakini launji hamna na gari la kukufuata nyumbani hamna. Qatar nao wana Lite, launji haimo na kuchagua kiti mapema mpaka ulipe. Ni kuku ndio, lakini kishatolewa paja.

#19 Mzee wa Posta

#18 ahsante sheikh, hilo nililisahau. Enzi zangu bizinesi ilikuwa bizinesi.

#20 Mama Ntilie Mtandaoni

Yalinikuta. Shirika sitalitaja. Nimevaa gauni langu, nimejipulizia, nafika mlango wa launji na bodingi imeandikwa bizinesi kabisa. Dada akaipitisha kwenye mashine, ikalia "tii" ile ya kukataa. Akaniambia kwa sauti ya upole lakini ya kusikika, "Madam, nauli yako haina launji." Nyuma yangu kuna wazungu wawili wamevaa kaptura na ndala, wakapita. Nilikaa nje kwenye viti vya chuma kwa saa tano nakula karanga zangu za kutoka Dodoma.

#21 Chai Rangi

Karanga za Dodoma ndiyo launji yenyewe mama.

#22 Mstaafu wa Slough

Nimesoma yote, niwape historia kidogo maana nyie mnadhani huu mchezo umeanza juzi.

American Airlines walianzisha AAdvantage tarehe 1 Mei 1981 na wengine wote wakaiga. Shabaha ilikuwa kumshika mtu anayeruka kila wiki. Sisi wa huku tukagundua mlango wa uani, na mlango mpana kuliko yote ulikuwa British Airways. Silver yao ilikuwa tier points (pointi zao za cheo) 600, Gold 1,500. Kipande cha bizinesi kinachozidi maili 2,000 kilikuwa kinatoa 140, hata ukipanda Qatar, hata umenunua kwa ofa ya kutupa.

Sasa sikiliza. Unaruka London–Oslo na BA daraja la mbele, 40. Oslo–Doha 140, Doha–Bangkok 140. Unakula wali wa Bangkok siku mbili, unarudi njia hiyohiyo. Jumla 640. Silver kwa wiki moja, ilimradi tu uwe na ndege nne za BA ndani ya mwaka. Nilifanya hivyo miaka sita. Mke wangu mpaka leo anadhani nina nyumba ndogo Oslo.

Wakaufunga mlango. Tarehe 30 Desemba 2024 wakatangaza, tarehe 1 Aprili 2025 ikaanza: pauni moja ni tier point moja, Silver 7,500, Gold 20,000. Na kodi za serikali hazihesabiwi. Kelele zilipigwa, wakaongeza njia ya kuhesabu idadi ya ndege, ndege 50 kwa Silver. Nani anaruka mara 50 kwa hela yake?

#23 Dereva wa Buza

Kwa nini uanzie Oslo wakati unakaa Slough, pembeni ya London? Hapo sijaelewa. Ni kama mtu wa Ubungo aende kupandia basi la Mbeya Tanga.

#24 Mstaafu wa Slough

#23 kwa sababu basi la kutoka Tanga ni nusu bei na linapita palepale Ubungo 😄

#25 Fundi wa Nauli

#23 hili ndilo jibu la kweli la "kwa nini bei chee", si samaki wa jioni wala korona. Mtu wa London anayetaka Nairobi ana BA na KQ (Kenya Airways) za moja kwa moja, analipia urahisi. Mtu wa Oslo akienda Bangkok kwa ndege za Qatar, lazima ashuke Doha abadilishe. Qatar atampataje? Kwa bei. Mwenye ndege ya moja kwa moja anauza muda, wa kuunganisha anauza punguzo.

Angalia hata ofa ya mleta uzi. Anapitia Amsterdam. Moja kwa moja kutoka Uingereza kwenda Dar haipo tangu BA waache 2013. Lakini washindani wa kuunganisha wamejaa: Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa, Nairobi. Wanachinjana. Damu yao ndiyo ofa yetu.

#26 Mhasibu Asiyelala

Ongeza kodi. Uingereza inatoza kodi ya abiria kwa kila anayeondoka, na bizinesi inatozwa zaidi. Kwa umbali wa Dar kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 90 kwa kiti cha kawaida, 216 kwa bizinesi, na inapanda karibu kila mwaka. Ukianzia Dublin kodi hiyo haipo. Kwa hiyo sehemu ya ile 640 ya mleta uzi ni mfalme anachukua, siyo KLM.

#27 Mzee wa Posta

#25 mnapingana na mimi bila sababu. Hiyo ya ushindani inaamua bei ya Z. Ya viti vitupu inaamua kama Z iko wazi. Zote zipo.

#28 Fundi wa Nauli

#27 mzee sibishani nawe, lakini Z nimeiona wazi wiki ya Krismasi. Nani anabakiwa na viti vitupu wiki ya Krismasi?

#29 Mzee wa Posta

Kwenda Dar tarehe 25 yenyewe? Viti vipo tele. Kila mtu kashafika.

#30 Nesi wa Usiku

Kabla hamjamshauri mtu aanzie safari Oslo au Dublin, nisikilizeni.

Nilinunua bizinesi ya ofa inayoanzia mji mmoja wa Skandinavia. Ya kunipeleka huko nikanunua kivyake, tiketi ya bei ya chini. Ukungu. Ndege ya kwanza ikachelewa saa nne. Nafika, kaunta ya bizinesi imefungwa, ndege inarudishwa nyuma kutoka getini naiona kwa macho. Kwa kuwa ni tiketi mbili tofauti hakuna aliyenihusu. Na kwa kuwa sikupanda kipande cha kwanza, vyote vilivyofuata vikafutwa, mpaka vya kurudi. Nilinunua kiti cha nyuma cha siku ileile kwa bei ambayo sijamwambia mtu hadi leo.

Ukifanya huo mchezo, nenda siku moja kabla, lala hapo. Na usijidanganye eti utaacha kupanda kipande cha kwanza halafu utapandia katikati. Hawakubali.

#31 Mstaafu wa Slough

#30 pole sana dada. Ndiyo, kulala siku moja kabla ni lazima. (Na hapo ndipo mke akaanza kuuliza.)

#32 Kijana wa Masaki

Mnaongea kama wote mnakaa Ulaya. Mimi niko Dar, natumia KQ kwenda Johannesburg kikazi. Kuna namna?

#33 Mhasibu Asiyelala

#32 ipo. KQ iko SkyTeam, umoja wa mashirika waliomo KLM, tangu 2010. Dar–Nairobi haifiki maili 2,000, na Nairobi–Johannesburg pia haifiki, kama maili 1,800 hivi. Kila kipande bizinesi ni 15. Vipande vinne 60. Angalia uzuri wake: Dar–Nairobi ni saa moja na dakika chache na unapata 15, wakati Amsterdam–Dar ni usiku mzima na unapata 30. Vipande vifupi ndivyo vitamu. Ila uweke namba ya Flying Blue kwenye tiketi badala ya Asante Rewards (mpango wa KQ wenyewe), huwezi kuweka zote mbili.

#34 Sonko wa Minnesota

#33 buda wachana na hizo siri hadharani, watafunga hii pia.

#35 Kijana wa Masaki

Nikiweka namba yangu, nauli analipa mwajiri. Hii ni dhambi?

#36 Kaka wa Muscat

#35 muulize mwajiri, usituulize sie.

#37 Mpare Halisi

Mimi nina nadharia yangu na nyie nyote mnaizunguka. Bei chee ni chambo, kadi ni ndoana. Mtu akishaonja Gold anaanza kuogopa kushuka. Flying Blue ukitaka kubaki Gold ni 180 kila mwaka, yaani mleta uzi atanunua bizinesi mbili kila mwaka hadi astaafu. Kiti cha nyuma harudi tena. Jamaa wa kazini kamwambia "kisha nirudi kiti cha nyuma", hicho ndicho kipengele ambacho hakijawahi kutokea kwa binadamu yeyote.

#38 Mstaafu wa Slough

#37 miaka sita, Oslo mara sita. Sina la kusema.

#39 Fundi wa Nauli

Hapa Mpare kanikamata kidogo. Ila asipofikisha haporomoki mpaka chini, anashuka ngazi moja, Gold kwenda Silver. Kwa hiyo inawezekana kuchuma mwaka mmoja, kula mwaka wa pili, kushuka taratibu.

#40 Chai Rangi

Kuna ofa nyingine hata hesabu haihitaji. Mwaka mpya wa 2019 Cathay Pacific walikosea bei, bizinesi kutoka Vietnam kwenda New York kwenda na kurudi dola 675 hivi. Watu wakanunua, nao wakaheshimu tiketi zote. Nasubiri wakosee ya Dar. Nina alamu.

#41 Dereva wa Buza

#40 subiri vizuri, na kitanda uweke pembeni ya kompyuta.

#42 Mama Ntilie Mtandaoni

Tuache XP kidogo. Kurudi Ulaya na dagaa wa Mwanza kwenye bizinesi ruksa? Mara ya mwisho niliweka juu kwenye kabati, saa mbili baadaye mhudumu akapita anapuliza manukato huku ananitazama mimi tu.

#43 Binti Kilwa

Dagaa wanafungwa mifuko mitatu na gazeti katikati mama. Na wanakwenda begi la chini. Ila Ulaya samaki wa biashara na wa begi wana sheria zao, angalia kabla.

#44 Mama Ntilie Mtandaoni

Kwa hiyo hiyo Gold ya begi la ziada ni kadi ya dagaa. Sasa nimeelewa uzi.

#45 Mbeba Begi

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea mwanga wote huu. Nimekaa na karatasi tangu jana usiku. Upande mmoja Fundi na Mhasibu, upande mwingine Mpare. Nesi wa Usiku kaniondolea kabisa wazo la Dublin, mimi na ukungu hatupatani.

Kitu ambacho sikukisema mwanzo: mama atakuja kunitembelea mwakani. Jamaa aliniambia Gold anaweza kuingia launji na mgeni mmoja. Ni kweli?

#46 Mhasibu Asiyelala

Kweli, kwa safari ya kimataifa na SkyTeam, mgeni mmoja. Lakini lazima awe anasafiri na wewe siku hiyo. Huwezi kuwa Manchester umtumie mama kadi akaingie launji ya Nairobi.

#47 Mbeba Begi

Basi itabidi nimfuate. Hiyo ni safari ya tatu tayari, na ile Jumamosi ya Amsterdam ya Fundi.

Nilimpigia kumweleza habari ya kadi ya dhahabu. Kimya kidogo, akauliza, "Gramu ngapi?"

#48 Chai Rangi

😂😂😂 mama asituangushe

#49 Mpare Halisi

Mama ana akili kuliko uzi mzima.

#50 Nesi wa Usiku

Mbeba Begi, nimesoma tangu mwanzo na kuna kitu kinanisumbua. Presha kuka ilifika salama?

#51 Mbeba Begi

Ilifika dada. Kifuniko nilikiacha pale sakafuni wakati nafunga zipu, mlinzi akakihifadhi. Ninacho hapa juu ya friji.